Mrejesho: mguu wa besi, chuma au mti?

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kama kubadilisha ule mguu wa chuma unaotoka chini ya besi yangu kubwa ya kusimama (ala ya nyuzi kama fidla kubwa) kungeondoa mtetemo mbaya na kuipa sauti uzito.

Nilianza na ushauri wa kukaza skrubu inayobana mguu na kuweka raba mpya kwenye ncha. Mtetemo ukaisha palepale. Mguu ulikuwa ukicheza kwenye tundu lake.

Kisha fundi wa Kibuye, hapa Kisumu, akanichongea mguu wa mpingo wenye unene uleule, milimita 10. Nikipiga kwa upinde, sauti imetulia kidogo. Nikidonoa kwa vidole, mwenzangu aliyeketi nyuma ya kanisa hakutofautisha mti na chuma. Kilichobadilisha sauti kweli ni sakafu: kwenye saruji uzi wa E, ule wa sauti nzito kabisa, ni mkavu, lakini kwenye jukwaa la mbao, mbao nazo zinavuma na sauti inajaa ukumbi. Aliyenitajia sakafu, Mungu akubariki!

Kasoro imebaki moja. Skrubu haiushiki mpingo vizuri, mguu unazama polepole katikati ya wimbo. Kwa hiyo Jumapili natumia chuma, mpingo ni wa mazoezi nyumbani.