Naomba ushauri: kutia kamshafti za mbio kwenye IST yenye VVT-i, gari inatumika Pemba

Mkaazi wa Chake
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina Toyota IST ya injini ya 1NZ, cc 1,500, naendeshea hapa Pemba. Kazi yake kubwa ni Chake hadi Mkoani kupokea abiria wa boti, mara nyengine Wete. Ikiwa na watu wanne na mizigo, vilima vinaitesa, naikanyaga sana na gia inarudi chini. Jamaa mmoja mjini Unguja kanambia nitie kamshafti za mbio (zile shafti zinazofungua valvu), nguvu itapanda. Ndugu yangu yuko Dubai, anaweza kuniletea. Jee, injini yenye VVT-i, ule mtambo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu, inazikubali? Na kontroli boksi (kompyuta ya injini) yake ya asili itazielewa? Gari hii ndiyo inayolisha wanangu, sitaki kubahatisha.

Mpanda Mkarafuu
Wa alaykum salaam. Kuzikubali inazikubali, lakini kwa kazi yako usitie. Msubiri Fundi Hedi akueleze.

Fundi Hedi
Ndugu yangu, kamshafti za mbio huziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi na huzinyanyua zaidi. Faida yake huja mizunguko ya injini ikishapanda sana, kwani hapo hewa inaingia kwa kasi na inaendelea kujaa hata pistoni ikianza kurudi juu. Wewe kilima unakipanda kwenye mizunguko 2,000 au 3,000 kwa dakika. Huko chini valvu ya kuingizia ikichelewa kufunga, hewa iliyokwisha kuingia inasukumwa kurudi ilikotoka, na nguvu inakupungua pale pale unapoihitaji. Na sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, itatetereka.

Sasa VVT-i. Haibadilishi umbo la nundu inayosukuma valvu, wala kimo cha valvu kufunguka. Kazi yake ni kuizungusha kidogo kamshafti ya valvu za kuingizia, mbele au nyuma (valvu ifunguke mapema au ichelewe), kwa presha ya oili inayoingia ndani ya gea yake. Kontroli boksi imepangiwa digrii hizo kwa kamshafti ya kiwandani. Ukitia yenye muda mrefu, VVT-i ikaisogeza mbele mpaka mwisho, valvu inaweza kukutana na pistoni. Wanaoifanya kazi hii kikweli hupima kwanza nafasi baina ya valvu na pistoni huku gea imesogezwa mwisho kabisa, hutia kizuizi ndani yake ikibidi, hubadilisha springi za valvu, kisha huandika upya programu ya kontroli boksi. Na kama utakazoletewa ni za zamani zilizochongwa upya, sehemu ya duara isiyo na nundu imekonda, basi itabidi utafute vikombe vya valvu (vinavyokaa baina ya nundu na valvu) vinene zaidi ili nafasi baina ya kamshafti na kikombe irudi milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingizia.

Kijana wa Amani
Fundi, kwa heshima yako, mbona Toyota Runx Z ya injini ya 2ZZ ina kamshafti kali na inatembea vizuri tu?

Fundi Hedi
Kwa sababu 2ZZ ina nundu za aina mbili kwenye kamshafti moja. Ile kubwa inashika mizunguko ikifika kama 6,000. Chini ya hapo unaendeshwa na ndogo. Hata Toyota hawakutaka nundu kubwa ifanye kazi peke yake. 1NZ haina mpango huo.

Ummu Salma
Ndugu Mkaazi, kabla ya yote, unatia oili gani? Na taa ya injini haijawahi kuwaka?

Mkaazi wa Chake
Oili natia namba 40 nzito, nimeambiwa ndiyo ya nchi za joto. Taa huwaka na kuzima. Walipima kwa mashine ikatoka kodi ya hitilafu P0012.

Ummu Salma
Basi anza hapo. P0012 ina maana kamshafti imebaki nyuma kuliko ilivyoamriwa na kontroli boksi. VVT-i yako haisogei mbele inavyotakiwa, na kule kusogea mbele ndiko kunakoipa 1NZ nguvu kwenye mizunguko ya kati. Oili nzito au chafu inachelewa kufika kwenye gea.

Fundi Hedi
Ummu Salma kasema kweli, na mimi ningeliuliza hilo mwanzo. Mwaga hiyo oili, tia 5W-30 na filta mpya. Ifungue valvu ya oili ya VVT-i, iko kwenye hedi (kichwa cha injini) upande wa cheni, uisafishe. Ipime kwa mita, injini ikiwa baridi isome baina ya omu 6.9 na 7.9. Usisahau kichujio chake kidogo cha waya kwenye hedi, kina kizibo chake, mafundi wengi hawakigusi. Baada ya hapo angalia ea klina, na kama masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi) hayajaziba.

Mkaazi wa Chake
Ahsanteni sana. Dubai nitamwambia asitishe. Na P0012 ikirudi baada ya hayo?

Fundi Hedi
Ikirudi, fungua kava la mbele utazame cheni na tenshona inayoikaza. Cheni iliyorefuka inaichelewesha kamshafti hata oili ikiwa safi. Ukiifungua, badilisha cheni, tenshona na vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza vyote kwa pamoja, na hakikisha alama za gea zimekaa sawa kabla ya kuwasha.