Fildi ya kutunza wanyamapori: Gombe au bustani ya Tabora?

BintiUjiji: Habari za jioni wakuu. Barua za kuomba nafasi zinatakiwa chuoni wiki hii na bado sijaamua. Nataka fildi ya kutunza wanyamapori. Nimebaki na sehemu mbili, Gombe, ile hifadhi ya sokwe kule Kigoma, kwa kuwa nyumbani ni Ujiji, au bustani ya wanyama Tabora. Ipi inafaa? Natanguliza shukrani.

Kibirizi_Mwaloni: Gombe, unauliza nini tena? Dunia nzima inaijua tangu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, afike 1960. Boti unapandia hapa hapa Kibirizi.

MgangaWaMifugo: Dada, unasoma nini? Cheti au stashahada? Fildi ya muda gani, na nani anakugharamia? Bila hayo tunabahatisha.

BintiUjiji: Samahani mkuu. Stashahada ya afya ya wanyama, mwaka wa pili. Miezi miwili.

MgangaWaMifugo: La gharama umeliruka, haya. Kwa kozi hiyo Gombe itakunyima kazi ya mikono. Sokwe wa pale ni wa porini, hawafugwi. Zamani walikuwa wanapewa ndizi, wakawa wanagombana, utaratibu ukaachwa. Kazi ya afya pale ni ya macho: nani anakohoa, nani anachechemea, kinyesi kinaokotwa kikapimwe maabara. Sindano usitegemee kuishika. Halafu wao ndio wanaotuogopa sisi, au wangetakiwa kutuogopa. Mwaka 1966 polio iliwapitia, wengine wakafa, wengine wakapooza viungo. Mafua yako ya kawaida kwao ni msiba. Tabora bustani iko chini ya TAWA, mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori, na wanyama wako kwenye vizimba. Utafagia, utapima chakula, utaangalia nani kabakiza na kwa nini.

Kibirizi_Mwaloni: Kufagia vinyesi si hata kwao kuna mbuzi?

MgangaWaMifugo: Mbuzi akiumwa utamwona mapema. Mnyama wa porini anaficha ugonjwa mpaka siku ya kuanguka, na hapo anayekuokoa ni aliyeandika jana alikula kiasi gani.

MamaUrambo: Wanangu, msibishane tu majina ya mahali. Kijana wangu alikwenda kwenye bustani ya mtu binafsi, si Tabora wala Kigoma, jina naliacha. Walimpokea vizuri, siku ya kwanza wakampa ndoo na ufunguo, basi. Hakuna aliyemuuliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Banda la ngedere lilikuwa na mlango mmoja, ukiufungua upo nao ana kwa ana. Dume likamrukia likamng'ata kiganja. Msimamizi akamwambia apake spiriti aendelee na kazi! Kijana naye, kwa kuogopa kunyimwa sahihi kwenye kitabu cha fildi, akanyamaza. Nimejua nilipoona mkono umevimba kwenye picha aliyomtumia dada yake. Sindano tulizitafuta wenyewe, nauli yetu, hela yetu, na mwenye bustani simu hapokei mpaka leo. Kwa hiyo binti, kabla hujapeleka barua uliza chanjo, uliza glavu, uliza milango iko mingapi.

MgangaWaMifugo: Pole sana mama. Kwa wengine: jeraha la kung'atwa lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Spiriti peke yake haitoshi.

Kibirizi_Mwaloni: Ndiyo maana nasema Gombe. Hifadhi ndogo kuliko zote nchini, unaizunguka yote.

Msukuma_wa_Igoma: Ndogo kuliko zote ni Saanane, hapa Mwanza. Na kwa taarifa yako ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964.

Kibirizi_Mwaloni: Kisiwa hicho. Mimi naongelea hifadhi yenye milima.

Msukuma_wa_Igoma: Hukusema milima, ulisema kuliko zote. Hifadhi ya taifa tangu 2013, kaangalie.

Kapuya_Tabora: Tuachane na hayo. Dada njoo Tabora, msimu wa maembe utakula bure.

BintiUjiji: Asanteni wote, shikamoo mama. Ukweli chuo hakitoi hela ya kujikimu. Tabora sina ndugu, Gombe walau mjomba ana boti.

MgangaWaMifugo: Ungeanza na hilo! Sasa uliza kwanza kama Gombe wanapokea wa afya ya wanyama, na wanafunzi wanalala wapi. Usifikirie kwenda na kurudi kila siku kwa boti ya mjomba, ziwa likichafuka hakuna cha mjomba.

MamaUrambo: Marahaba mwanangu. Tabora chumba cha kupanga si ghali ukikaa mbali na stesheni. Nikuulizie?

Kapuya_Tabora: Mbali na stesheni halafu treni ikifika usiku wa manane anakwendaje na begi?

Kibirizi_Mwaloni: Kwani siku hizi treni ya Kigoma inafika Tabora saa ngapi? Nina mzigo wa mawese.