Mtu mzima unaingia gereji ya mwenzio bila hodi na kumwaibisha mbele ya BABA MKWE??

Wakuu, hasira niliyonayo hata simu inateleza mkononi. Mtu mwenyewe mnamjua. Simtaji. Wote tunaokwenda kupiga shabaha Jumamosi hapa Houston tunamjua, yule wa kofia ya jeshi ambalo hajawahi kulitumikia.

Jana jioni baba mkwe, wiki ya pili tu tangu atue kutoka Tanga, kakaa garejini kwangu na chai yake ya tangawizi. Namwonyesha mashine inavyotikisa maganda ya risasi niliyookota, nayasafisha ili niyajaze upya. Mzee kafurahi, anasema "kumbe kama kupepeta mchele." Heshima imetanda. Mara huyo mtu kaingia. Salamu hakuna. Kaenda moja kwa moja kwenye mfuko wangu wa chenga za maganda ya jozi, kaugeuza, kasoma lebo kwa sauti ya mpiga mnada: "Matandiko ya mjusi! Jamani, huyu bwana anasafishia risasi kitanda cha mjusi!"

Baba mkwe kaweka kikombe chini. Kaniuliza taratibu, "Mwanangu, humu ndani mnafuga mjusi?"

MJUSI, WAKUU. Mimi, baba wa watoto watatu.

Ndiyo, nanunua duka la wanyama! Nani hanunui huko? Ni jozi ileile iliyosagwa, ukienda kuifuata duka la silaha wanakupiga bei ya mahari. Jozi inakwangua masizi, gunzi la mahindi linang'arisha. Natia kijiko cha polishi ya gari, nachanachana karatasi za kukaushia nguo zinase vumbi, masaa matatu baadaye maganda yanatoka unaweza kujinyolea ndevu. Yeye wimbo wake ni pini za chuma, pini za chuma, zile ndogo zinazozungushwa na maganda ndani ya maji, kama hujatumia pini hujasafisha. Haya, pini zinafika mpaka kwenye kikalio cha fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, sibishi. Lakini ung'oe fataki kwanza, utie maji, sabuni ya vyombo, asidi ya limao kidogo, halafu uanze kuanika kama dagaa, maana ganda likibaki na unyevu likakutana na baruti umeumia. Na juzi nani kakuta pini mbili zimekwama kwenye shingo ya ganda la bunduki la .223? Si yeye? Mbona hatukumwita baba mkwe WAKE?

"Humu ndani mnafuga mjusi?" Hakucheka hata kidogo. Usiku nimemsikia anaongea na mama mkwe kwenye simu, neno nililolidaka ni moja tu. Mnalijua.

Kisu Butu: Pole sana mkuu. Swali dogo, huyo mjusi anakula nini?

Mtoto wa Chumbageni: Nimekaa paleee na tangawizi yangu. Endelea, Baba Mjusi.

Fundi Baruti: Tuache utani kidogo. Mkuu, kwenye chenga uko sawa, ila zikiwa kubwa zinaziba kitundu cha moto, kile kinachopitisha moto wa fataki kwenda kwenye baruti. Tafuta gunzi laini la 20/40, ndiyo saizi ya chenga, linapita lenyewe. Ila mkuu, vumbi la mashine kavu lina risasi. Risasi ya madini, inatoka kwenye fataki. Unawasha kitu hicho garejini mzee wa watu anakunywa chai pembeni?

Mwenye uzi: Kikombe kilikuwa na kifuniko.

Kisu Butu: Kwa hiyo aliyekuwa salama humo ndani ni mjusi peke yake.

Mtoto wa Chumbageni: 😂😂😂 Mahari irudishwe

Mpwa wa Mombasa: Si upake tu ile dawa ya kung'arishia vitasa vya milango? Dakika tano umemaliza, mambo ya mashine ya nini.

Fundi Baruti: Yenye amonia usiiguse! Ganda ni shaba 70 kwa zinki 30, amonia inaitafuna mpaka inapasuka. Waingereza iliwakuta India enzi za ukoloni, risasi walizohifadhi mazizini wakati wa masika zikapata nyufa zenyewe. Ni hewa ya amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi.

Kisu Butu: Farasi tena. Gereji hii ina wanyama wangapi?

Mama Pilau: Nyie mnalilia jozi. Wangu anasafishia MCHELE. Basmati yangu niliyoitunzia Idi! Kuuliza, ananiambia "unanyonya maji vizuri, mke wangu." Halafu maganda akayaanika kwenye oveni. Nafungua nitoe keki, natoa trei ya maganda ya risasi za 9mm.

Mpwa wa Mombasa: Wee! Na huo mchele mlikula?

Mama Pilau: Alikula yeye. Nilimsimamia.

Fundi Baruti: Dada, usirudie tena hiyo. Na oveni isugue. Siyo mzaha.

Shangazi wa Katy: Basmati ulichukua kule mtaa wa Hillcroft? Mimi wiki iliyopita nimeuziwa gunia zima limejaa chenga.

Kisu Butu: Za jozi au za gunzi?

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu kaingia bila hodi. Kasoma lebo. Mbele ya mzee.

Shangazi wa Katy: Mwanangu tumesikia. Mama Pilau, kwa kuwa umetaja pilau, lile sufuria langu kubwa lilitoka msibani mwaka jana halikurudi. Sina nia ya kumshuku mtu. Lina alama ya rangi nyekundu kwenye kitako.

Mama Pilau: Shangazi, mimi nilirudisha yote mawili, Mungu shahidi. Hata mimi chupa zangu za chai zilikwenda na harusi ile ya Dallas.

Mtoto wa Chumbageni: Nani ana birika la umeme la jumuiya? Mwezi wa tatu huu.

Mwenye uzi: Mjusi jamani…

Mpwa wa Mombasa: Shangazi, mfuniko wenye rangi nyekundu ninao mimi. Sufuria lenyewe sijui.