Kuzimu ya Misri, dunia tisa za Norse au Nunda: riwaya yangu ijengwe wapi?

kalamu_ya_usiku
Wakuu, naandika riwaya ya fantasia. Binti anamfuata kaka yake aliyechukuliwa na wafu. Wahusika ninao, ila ulimwengu bado. Nasita kati ya Duat, yaani kuzimu ya Misri ya kale, dunia tisa za Norse (watu wa kale wa Skandinavia), na ngano zetu zenye mazimwi na Nunda mla watu. Njia ya nne ni kubuni kila kitu mwenyewe. Kwa hadithi ya namna hii, ipi inabeba?

mpenda_visasili
Duat, bila kusita. Ra, mungu wa jua, anaingia huko jua linapozama, anasafiri kwa mashua kwa muda wa saa 12 za usiku, na katika safari hiyo yapo malango yenye walinzi. Nyoka Apep anamvizia kila usiku ili jua lisichomoze tena. Hapo umepata ramani na muda kwa pamoja. Binti akidandia mashua ile, msomaji anajua kabisa alfajiri ndiyo mwisho wake. Halafu kuna Ammit: kichwa cha mamba, mbele simba, nyuma kiboko, anayekula moyo wa marehemu ukishindwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli. Hahitaji kumkimbiza mtu. Anakaa tu pembeni ya mizani akisubiri, na kwangu hilo linatisha kuliko dude lolote linalonguruma.

mwana_wa_barafu
Mpenda_visasili, sikatai, lakini soma tena swali: ndugu anamfuata ndugu. Norse wanacho kisa hicho hicho. Mungu Baldr alipouawa, ndugu yake Hermod alipanda Sleipnir, farasi wa miguu minane, akaenda usiku tisa kwenye mabonde ya giza mpaka kwa Hel, mtawala wa wafu. Hel akakubali kumwachia, kwa sharti kwamba viumbe vyote vimlilie. Vyote vikalia isipokuwa jike mmoja wa majitu, na Baldr akabaki. Hapo hakuna pigano hata moja, na bado kisa kinauma.

Watu wanasema Norse imechoshwa. Kilichochosha ni shoka na ndevu. Mashairi ya kale ya Iceland yanataja dunia tisa bila kutoa orodha kamili, kwa hiyo mwandishi ana nafasi kubwa ya kujaza. Tazama pia Fenrir, mbwa mwitu mkubwa, alivyofungwa. Minyororo ya chuma aliikata, akaja kushikwa na utepe laini uliotengenezwa kwa mshindo wa nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Uchawi wenye mantiki yake namna hiyo ni adimu.

bi_msimulizi
Mwanangu kalamu, nitamtetea Nunda, maana naona wenzangu wamemruka. Msimkumbuke kama mnyama mkali tu. Alianza akiwa paka wa sultani. Alipokula ndama, sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake, mwacheni. Akala mbuzi, ng'ombe, ngamia, akafika kwa watu, na sultani bado anamkingia kifua, hadi siku aliyowala wanawe mwenyewe. Nionyesheni kiumbe kingine kinachokua kwa sababu mwenye mamlaka anakataa kuona!

Na yule kijana anayekwenda kumwinda, kila akiua mnyama anamletea mama yake kwa shangwe, na mama anamjibu: "Mwanangu, siye Nunda mla watu." Huo ni muundo wa riwaya nzima, na msomaji wa Kiswahili ataupokea bila maelezo marefu. Zimwi mimi ningemwacha. Hana sheria za kutosha kubeba kurasa nyingi.

wino_mweusi
Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, visasili vya kale havina mwenyewe, ila viumbe vya mwandishi wa karibuni vina haki miliki. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na "hobbit", baadaye ukalazimika kulibadili jina kuwa "halfling", kwa sababu hobbit ni kiumbe aliyebuniwa na mwandishi Tolkien. Pili, tofautisha dini iliyokufa na imani iliyo hai. Majini, kwa mfano, yametajwa katika Qurani kuwa yameumbwa kwa moto na yamo yanayoamini. Ukiyageuza madubwana ya kukatwa vichwa, utawaudhi watu na utapoteza utajiri wenyewe.

kalamu_ya_usiku
Ahsanteni sana, na shikamoo Bi. Nimevutwa pande mbili: safari ya saa 12 za Duat, na kiumbe kilicholelewa nyumbani kama Nunda, labda na baba yao. Je, nikivichanganya itakuwa fujo? Nilitamani hata kumtia mtoni kappa, kiumbe wa mito wa ngano za Japani.

mwana_wa_barafu
Kappa mwache. Nguvu zake ziko kwenye maji ya kisahani cha utosini, na anashindwa kwa sababu ukimwinamia naye lazima ainame, yakamwagika. Bila adabu za Japani anabaki chura mkubwa. Duat na Nunda vinapatana ukichukua utaratibu wa kila kimoja na kuacha majina. Saa 12, malango, mnyama anayekua kila anapotetewa. Majina na sura buni mwenyewe.

mpenda_visasili
Naunga mkono, ingawa mizani nisingeiacha. Swali moja: huyo kaka ameshakula chochote kule? Persephone wa visasili vya Wagiriki alikula mbegu za komamanga, ikabidi awe anarudi kuzimu kila mwaka. Izanami wa Japani alikuwa ameshakula chakula cha Yomi, kuzimu ya huko, mumewe alipomfuata. Wasomaji wa visa hivi watalisubiri jibu tangu lango la kwanza. Liamue kabla hujaendelea na sura nyingine, kwa sababu ukilibadilisha katikati utafumua kila kitu.