Naomba ushauri: egzosi ya Fuso, nataka mngurumo mzito

Habari zenu wakuu. Nina Fuso Fighter, injini 6D16, silinda 6, haina turbo. Inabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Shinyanga. Gari naipenda sana, ila mlio wake umepoa. Nataka mngurumo mzito wa chini ikipanda mlima, siyo kelele za kupasua masikio.

Fundi mmoja anasema tutoe salensa (kile kipunguza kelele cha egzosi) kabisa, libaki bomba tupu. Mwingine anashauri salensa ya kupitisha moshi moja kwa moja na bomba la inchi 4. Mimi naegemea kwa huyu wa pili. Turbo hupunguza makali ya mlio, na mimi sina, kwa hiyo bomba tupu litapiga kelele mno. Tena nina egzosi breki (inabana moshi kwenye bomba ili gari ipunguze mwendo): bila salensa, nikiibana usiku pale Misungwi nitaamsha watu waliolala, na hilo silitaki kabisa.

Kwa mliofanya: inchi 4 siyo kubwa mno kwa injini hii? Na bomba la kusimama nyuma ya kabini, moshi hauingii kwenye dagaa? Hao dagaa ni chakula cha watu. Trafiki je, wanasumbua?