Mtoto ana usonji, kutoka kitu kimoja kwenda kingine ni vita. Ratiba ya picha inasaidia kweli?

MamaK_Tabata
Habari zenu wapendwa. Nina kijana wangu wa miaka 5 ana usonji, maneno yake bado machache. Kula anakula, kulala analala, shida ni pale kitu kimoja kinapoisha na kingine kinataka kuanza. Kutoka kwenye katuni kwenda kuoga ni vita, kuvaa yunifomu vita tena, na skulbasi ikipiga honi getini ndo kabisa anajilaza chini anajigonga kichwa sakafuni. Mwalimu wake kashauri ratiba ya picha, nikaprinti picha za mtandaoni nikazibandika mstari mzima ukutani lakini anapita tu hata hazitazami. Bibi yake anasema achapwe kidogo atanyooka, hilo sitaki. Waliofanikiwa mlianzia wapi? Na je akizoea picha si ndo hataongea kabisa?

Mwl_ElimuMaalumu
Pole sana mama K, na hongera kwa kukataa fimbo. Mtoto hapo hana kiburi, hajui kinachokuja ni nini na kile anachokipenda kitarudi lini, ukimchapa unamwongezea hofu kwenye hofu.

Mstari mzima ukutani ni mwingi mno kwa kuanzia. Anza na kadi mbili tu, KWANZA na HALAFU. Kwanza kuoga, halafu chai na andazi, yaani cha pili kiwe kitu anachokipenda kweli na akipate papo hapo. Halafu hizo picha za mtandaoni zitoe, mtoto anayeoga kwa ndoo na kopo ukimwonyesha mzungu kwenye bafu la povu ataelewaje kwamba ndo anaambiwa akaoge? Chukua simu piga picha ndoo yake, kopo lake, begi lake, basi lenyewe la shule. Peleka steshenari wakaprinti na kulamineti, velkro za kubandikia kadi kwenye ubao zipo kwa wauza vifaa vya cherehani.

Usingoje aje ukutani, mpelekee kadi alipo, mwonyeshe, sema neno moja tu "kuoga". Maneno yakishatamkwa yamepotea ila picha bado ipo anaiangalia, na watoto wengi wenye usonji wanashika zaidi wanachokiona. Huu sio mtindo mpya, kule Marekani mpango wa watu wenye usonji uitwao TEACCH, wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ulioanzishwa na Eric Schopler unafanya hivi tangu 1972. Kuhusu kuongea usiogope, picha hazizuii maneno, wengine hata zinawasaidia kuanza.

BabaBinti_Msa
Mama K, mimi niko Mombasa, binti yangu picha hazikumwingia kabisa mwanzo, tukatumia vitu vyenyewe. Ukimpa kopo mkononi ajua ni kuoga, ukimpa kandambili ajua twatoka. Alipozoea ndio tukaweka picha ya kopo kando ya kopo, polepole kopo likaondoka ikabaki picha. Kwa hivyo kama kadi atazipita tena usikate tamaa, rudi kwa vitu. Na huko kujigonga kichwa mpeleke kwa daktari amwangalie masikio na meno, mtoto asiyeweza kusema naumwa huonyesha hivyo hivyo.

MamaK_Tabata
Asanteni jamani, hilo la meno sikuwa nimelifikiria kabisa. Sasa siku umeme umekatika katuni hamna, au basi halijaja tunapanda bajaji, si ndo ratiba inamchanganya zaidi?

Mwl_ElimuMaalumu
Tengeneza kadi ya MABADILIKO, rangi moja kali au alama kubwa ya X. Ila usiitoe mara ya kwanza siku ya mabaya! Itambulishe kwa mabadiliko matamu, mfano ilikuwa uji, unaweka X juu ya uji unabandika juisi. Akishajua X haimaanishi balaa, ndo siku basi halipo unaweka X kwenye basi unabandika bajaji. Na kadi ya kitu anachokipenda usiiondoe kumwadhibu, ukifanya hivyo ataacha kuziamini zote.

Halafu zitumie hata siku ambazo ametulia, wazazi wengi wanatoa kadi mtoto akishaanza kulia, wakati huo hawezi kuangalia chochote. Na dada wa kazi, bibi, wote watumie kadi zile zile.

MamaK_Tabata
Bibi nitaongea nae leo. Ndoo na kopo nishapiga picha. Sasa akimaliza kuoga ile kadi inakwenda wapi, naitoa mimi?

Mwl_ElimuMaalumu
Aitoe yeye mwenyewe. Weka bahasha au kiboksi cha KIMEISHA chini ya ubao, aibandue aitumbukize humo kabla hajapewa andazi. Mara za mwanzo simama nyuma yake ushike mkono wake taratibu, bila maneno mengi.