Ametumia mfuko wangu MZITO kutupia mifuko yangu yote!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina simtaji, mnamjua, ni yule yule wa kila siku, akiingia kwako hata kiti hajakalia keshaanza kukupangia nyumba. Leo kanitupia mifuko. Si mmoja, si kumi. Mfuko wa mifuko mzima, ulioning'inia nyuma ya mlango wa jikoni tangu nihamie hapa, umejaa hadi umetuna kama mimba ya mapacha.

Na sikilizeni alivyofanya. Alikosa kitu cha kutupia. Akapekua, akapekua, akaukuta ule mfuko MZITO. Ule wa mikono migumu na kitako kipana, ambao kila nyumba unao mmoja tu, na hautoki mpaka siku ya safari. Akashindilia rambo zangu zote humo, akapiga fundo, akatoka nao. Gari la taka likapita. Mfuko bora kuliko yote ndio umezikwa na wenzake!

Wageni wananitazama, yeye anajipangusa mikono: "Nimekupunguzia uchafu." Uchafu! Mifuko niliyoikung'uta, nikaisuuza, nikaigeuza ndani nje ikakauka, maana rambo ukiikunja na unyevu inaota ukungu. Na kivulini, si juani, kwa kuwa jua linaila plastiki mpaka inakatika kama jani kavu. Kila mmoja una kazi yake. Midogo ni ya ndoo ya chooni, mikubwa ya ndoo ya jikoni, isiyovuja ya nguo mbichi, mipana ya viatu ndani ya begi. Hata iliyotoboka inajazwa kwenye boksi vyombo visigongane. Mtu aliyesema uchafu hajawahi kuhama nyumba!

Halafu kwa madaha akanikabidhi mfuko wa kitambaa. Mmoja. "Huu unatosha." Unatosha nini? Niuvalishe ndoo ya taka? Wakala wa Mazingira wa Uingereza walitoa hesabu yao mwaka 2011: mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo mchango wake katika joto la dunia ushuke chini ya ule wa rambo iliyotumika mara moja tu. Mara moja! Zangu zilikuwa zinarudi kazini mara tatu, mara nne, na mwisho zinavaa ndoo. Sasa nikanunue mifuko mipya ya taka, ya roli, niinunue ili niitupe. Huko ndiko kupunguza uchafu?

Na rambo zenyewe zinazidi kuadimika. Bangladesh ilitangulia kuzipiga marufuku nchi nzima mwaka 2002, na nchi nyingi zimefuata. Iliyotupwa leo hairudi.

Lakini mfuko mzito, jamani. Kwa nini ule? Si angechukua boksi?

Kisiki_Kikavu: Pole mkuu. Ila sema kweli, ilikuwa mingapi?

Mleta uzi: Haizidi mia tatu. Na swali lako halihusiani na mfuko mzito.

Kisiki_Kikavu: MIA TATU! Mkuu hiyo si akiba, hilo ni ghala. Huyo mtu apewe nishani.

Bi_Fundo: Mnamcheka bure. Yule mtu namjua, kwangu alitupa vifuniko vyote akabakiza makopo. Nina makopo kumi na nne yako wazi kama midomo ya vifaranga.

Hirizi: Mwanzoni kosa ni lako, mleta uzi. Mambo ya kushindilia yamepitwa. Rambo unailaza bapa, unaitoa hewa, unaikunja iwe utepe, kisha pembetatu juu ya pembetatu mpaka iwe kama hirizi. Hamsini zinaingia kwenye droo ya vijiko. Zingekuwa pembetatu asingeziona kabisa.

Kamba_Mbili: Pembetatu ni za watu wasio na kazi. Ukishakunja huoni kama imetoboka. Yangu ilinimwagia kwenye begi, nikafika na shati limelowa mgongo mzima.

Hirizi: Unakagua KABLA ya kukunja! Unaipuliza, unaibana mdomo, unasikiliza. Nani anakunja bila kupuliza?

Mzee_wa_Kabati: Mimi nilitunza ile iliyoandikwa kwamba inaoza yenyewe. Nilipofungua kabati baada ya miaka nikakuta chenga. Imeoza kweli, juu ya mashuka yangu meupe. Mpaka leo nikijifunika naokota vipande.

Msafiri_Mwepesi: Mleta uzi yuko sahihi kuliko mnavyodhani. Mfuko huu wa mikono kama ya fulana ni kazi ya Mswidi, Sten Gustaf Thulin, hataza ikatoka mwaka 1965. Mwanawe amesimulia kwamba mzee alikuwa anatembea na mmoja umekunjwa mfukoni. Kuutumia mara moja na kuutupa, mzee mwenyewe angekushangaa.

Mleta uzi: Asante sana ndugu yangu! Umeona? Mwenye kuubuni alitembea nao! Na huyu kaushika mzito, wa mikono migumu, akapiga FUNDO. Fundo la kukaza. Hata ningeuwahi njiani ningelazimika kuukata mikono.

Kisiki_Kikavu: Sasa ule wa kitambaa umeuweka wapi?

Mleta uzi: Nyuma ya mlango. Ndani yake nimeanza upya, nina rambo tano.

Debe_Tupu: Samahani, Bi Fundo, umesema una makopo bila vifuniko? Mimi nina vifuniko ishirini na kenda na makopo sita. Mwenzangu akitoka na kopo, kopo halirudi.

Kamba_Mbili: Hirizi, nimepuliza moja sasa hivi. Nasikia inavuja ila sioni tundu.

Hirizi: Iko kwenye mshono wa kitako. Ijaze maji juu ya sinki.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mfuko mzito.

Bi_Fundo: Debe Tupu, vyako ni vya mraba au vya mviringo?

Debe_Tupu: Vingi mviringo. Upana kiganja na vidole viwili.

Bi_Fundo: Usitupe hata kimoja. Nakuja inboksi.